Na wewe kaa hapo

Msimu wa karafuu wa mwaka 2019 nilimsindikiza wifi yangu kliniki, Wete. Mwenye mimba ni yeye. Mie nilikwenda kumshikia mkoba na kuhakikisha hasemi uongo akiulizwa chumvi, maana sisi wa Pemba kwa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, hatuna stara.

Nesi akampima presha: 110 kwa 70. Akaandika kwenye kadi, kisha akanitazama mie niliyekuwa bado nahema kwa vidaraja vitatu vya mlangoni.

"Na wewe kaa hapo."

"Mie sina mimba, dada."

"Sijakuuliza mimba. Toa mkono."

152 kwa 98. Akaniacha nitulie, akapima tena mkono wa pili, ikawa vilevile. Ndipo akaniuliza jambo ambalo kwa miaka minane hakuna aliyeniuliza: "Katika mimba zako, ulipata presha?"

Nilipata, mimba ya kwanza, 2011. Nilikuwa na miaka 24. Wiki ya 34 uso uliumuka kama andazi, pete ikagoma kutoka kidoleni, na wanawake wa nyumbani wakafurahi kuwa nimenawiri. Kichwa kiliniuma siku mbili, nikawa naona vimulimuli mchana kweupe. Hospitali wakakuta 160 kwa 110, na protini kwenye mkojo. Sindano ya kuzuia kifafa cha mimba naikumbuka zaidi ya uchungu wenyewe: joto lilinipanda mwili mzima kama nimemiminiwa maji ya moto. Wakanianzishia uchungu. Mwanangu alizaliwa na kilo mbili kasorobo, akalia, nami nikalia.

Presha ikashuka baada ya wiki chache. Hakuna aliyeniambia nirudi kila mwaka kupimwa. Nilijua ugonjwa umetoka na kondo la nyuma na tumeuzika nalo pale uani.

Halafu ikaja arubaini. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, Mungu amlipe, alinilea kama yai. Asubuhi uji wa pilipili manga wenye samli, adhuhuri supu ya kuku wa kienyeji, jioni wali, na usiku nikigeuka tu kitandani nasikia, "Una njaa, mwanangu?" Niliolewa na kilo 58, arubaini ilipokwisha nilikuwa na 70. Mavyaa akijivuna kwa majirani kwamba mtoto wa watu hakumnyima. Mtoto wa pili akaniacha na 77, wa tatu na 85. Kila arubaini niliongeza, na hakuna hata moja iliyokuja kuchukua chake. Magauni nilikuwa nikimpa mdogo wangu, nikisema yamenichosha.

Nesi alinisikiliza, kisha akavuta stuli. Akasema mwanamke aliyepata presha ya namna ile hatari yake ya maradhi ya moyo na kiharusi baadaye ni kama mara mbili ya mwenziwe, hata kama presha ilishuka baada ya kuzaa. Mishipa imeshaguswa. Na unene unaobaki baada ya kila uzazi unaizidishia kazi mishipa hiyohiyo. "Sio kama ulikosea kula," akaniambia. "Ulipaswa kuambiwa." Hapo ndipo nilipokasirika, na si naye. Miaka minane nimepita mbele ya vituo vya afya na kikapu cha sokoni, hata siku moja sikuingia kupimwa nikiwa sina mimba.

Akanipangia siku ya kurudi kwa daktari, akanipandisha mzani. 86. Wifi, aliyekuwa kimya muda wote, akaniuliza kwa sauti ndogo kama na yeye itamkuta. Nesi akamwambia kadi yake iko salama, aje kila miadi na mkojo wake upimwe.

Jioni nilikuta wali wa nazi na ng'onda. Nikajipakulia nusu ya ninavyojipakulia siku zote, ng'onda nikaiacha bakulini. Mavyaa akaitazama sahani, akanitazama mie, akamtazama mwanawe.

"Mmegombana?"