Mkono Aliosema ni wa Mdogo Wake

Kiharusi kilimpata mama mkubwa alfajiri, akitawadha. Kufikia siku ninayoisimulia alikuwa amekwisha kurudiwa na kauli. Anatutaja sote kwa majina, anaulizia wajukuu, anamkumbuka hata mpangaji ambaye hajalipa kodi. Upande wa kushoto tu ndio uliolala.

Tulikuwa wodini, Tanga, mimi na mama yangu ambaye ni mdogo wake. Nikataka kumpaka mafuta, nikamwomba mkono. Akanipa wa kulia. Nilipoushika wa kushoto aliutupia jicho la kero, akamgeukia mama: "Wewe, hebu toa mkono wako kitandani kwangu. Tangu asubuhi umenilalia."

Mama akamwinulia mikono yake yote miwili. "Dada, yangu hii hapa."

Mama mkubwa akaitazama, akafikiri. "Basi kuna mtu kausahau."

Kwenye kidole cha mkono ule palikuwa na pete ya fedha ambayo sijawahi kumwona bila kuivaa. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema haijui. Nikaivua taratibu kwa yale mafuta, nikamwekea kiganjani kulia. Uso ukamchanua. "Pete yangu! Mliificha wapi? Hii alininunulia marehemu, Unguja."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akanong'ona kwamba huyu kachezewa, atafutiwe wa kumsomea. Mama akaanza kulia. Na kwa kweli nani asingeogopa? Mtu mwenye akili zake timamu, anayekumbuka duka lililouza pete, anaukana mkono ulioota begani mwake.

Kijana wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetutuliza. Hakubishana naye hata kidogo. Alimwambia afumbe macho, aseme kila anapoguswa mkono wa kushoto. Akaugusa, akaufinya, akaupitishia ncha ya kalamu. Kimya. Kisha akamuuliza mkono wake wa kushoto una hali gani. "Mzima, mwanangu. Unasikia kama kawaida." Mkono wake mzima, na huu uliolala kitandani si wake: yote mawili aliyaamini kwa pamoja.

Alitueleza kwamba damu ilikatika upande wa kulia wa ubongo, unaopokea habari za upande wa kushoto wa mwili. Sehemu ambayo ingemjulisha kwamba habari hazifiki nayo imeumia. Hadanganyi, wala si mkaidi. Akatuonya tuuchunge mkono ule na uji wa moto, maana ukiungua hatajua, na tusimlazimishe kukiri.

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu ya jambo hili. Mwaka 1914 Joseph Babinski, daktari wa Paris, aliipa jina hali ya mgonjwa kutojua kwamba amepooza. Ile ya kukana kiungo ikapewa jina la peke yake na daktari Josef Gerstmann mwaka 1942. Hata pete imo: mwaka 1996 watafiti wa Italia walieleza habari za mgonjwa aliyekana pete zake zikiwa mkono wa kushoto, akazitambua zikihamishwa. Laiti mama angejua siku ile kwamba si dada yake peke yake.

Lakini kisa kinachonishika zaidi ni cha mwaka 2002, cha Gabriella Bottini na wenzake, Italia pia. Mwanamke mmoja aliamini mkono wake wa kushoto ni wa mpwa wake. Wakimwambia wanagusa mkono wake, hasikii kitu. Wakimwambia wanagusa mkono wa mpwa, anasikia. Kumbe hisia ilikuwa ikifika, ila haikuwa na mwenyewe wa kuipokea. Natamani tungekijua kisa hicho pale wodini, kijana yule amwambie mama mkubwa afumbe macho tena, kisha aseme, "Sasa naugusa mkono wa mdogo wako."