Bawasiri yangu ya kukaa

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Nilipoanza kuona damu chooni kila mtu alikuwa na jibu tayari: bawasiri, unakaa sana. Muuza dawa, shemeji, hata daktari wa zahanati moja aliyeniandikia dawa ya kupaka bila kunigusa. Miezi minane nikapaka. Mkanda nikautoboa matundu mawili zaidi, nikajisifu kitambi kinapungua.

Aliyeshtuka ni daktari mmoja, umri wa binti yangu. Akavaa glovu, akapima kwa kidole. "Baba, mbona bawasiri yenyewe siioni?" Wingi wa damu ukasoma 7, chini sana. Nikatakiwa kipimo cha kamera ya kuingizwa kwenye utumbo mkubwa.

Mara ya kwanza nilichemsha. Usiku wake nilikula ugali maharage, nikidhani kufunga ni asubuhi tu. Laki mbili na ushee nikalipa, nikaambiwa yanaonekana maharage.

Mara ya pili nilijipanga. Siku nzima maji, chai ya rangi na supu ya kuchuja. Juisi ya rozela marufuku, wekundu wake unawachanganya wakidhani damu. Kisha dawa ya kuosha tumbo, lita nne zenye ladha ya maji ya bahari. Nilizigandisha kidogo, nikanyonya kwa mrija huku nikilamba ndimu. Tatizo choo: wapangaji sita, choo kimoja. Nikakikodi! Kila chumba elfu mbili, waende kwa jirani mpaka asubuhi. Mmoja alidai tano kwa kuwa kwake wako wanne. Nikaweka kigoda na redio mlangoni, nikalala hapo kama mlinzi.

Kamera ikakuta uvimbe upande wa kushoto, wakakata kinyama, maabara ikasema saratani. Nilipasuliwa, utumbo ukaungwa, mfuko wa choo tumboni sikuwekewa. Tezi mbili kati ya 15 zilizopimwa zilikuwa zimeingiliwa na saratani, ndiyo maana nikapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa dripu na vidonge vya kuiua, mizunguko minane ya wiki tatu tatu. Nakala za majibu kaa nazo mwenyewe, mimi yangu yalipotea mara moja.

Nesi alinionya kwamba kwa dawa hizo nikigusa au kunywa cha baridi kitanichoma, nikajifanya mwanaume. Soda ya kwanza ilinichoma koo kama nimemeza pini. Mkasi asubuhi ulinipiga shoti, nikauvisha vitambaa vya kitenge mishikio yote. Ganzi ya vidole haijaisha. Sindano ya kushonea ananitungia uzi mke wangu.

Juzi shemeji kaja kunipa pole. Kanishauri nipunguze kukaa.