Jukwaa la mbwa kurukia majini, likiwekwa Mikindani

Mchezo wenyewe umetokea Marekani: mbwa anatimka juu ya jukwaa, mwenye mbwa anarusha kichezeo, mbwa anakirukia hadi majini. Umbali hupimwa kuanzia ukingo wa jukwaa hadi pale shina la mkia linapogusa maji. Vipimo vilivyozoeleka ni urefu futi 40, upana futi 8, na ukingo uwe futi 2 juu ya maji, yaani sentimita 60. Kule bwawani maji yametulia tuli. Huku Mikindani, pwani ya Mtwara, maji yana safari zake, na kazi yote iko hapo.

Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari ya Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kati ya kupwa na kujaa, saa mbili za katikati ndizo hubeba nusu ya safari hiyo: mita moja na nusu! Jukwaa la sentimita 60 litakuwa limeshazama. Basi chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na mbwa waruke ndani ya saa moja kabla na saa moja baada ya maji kujaa, ambapo kimo hakibadiliki sana. Msimu wa kusi kali, ule upepo wa kusini, acha.

Sasa mbao. Gawa jukwaa vipande 10 vya futi 4 kwa 8, kwa sababu shiti ya plaiwudi ina ukubwa huohuo, hukati, hutupi. Vipande hulala kukingama, futi 8 ndiyo upana wa jukwaa. Fremu ya kila kimoja: mbao 2 ndefu za inchi 2 kwa 6, na 7 fupi za inchi 2 kwa 4, moja kila sentimita 40. Paini inatosha. Mninga ni mzuri, ila utaulaani siku ya kubeba. Plaiwudi iwe ya milimita 18 inayostahimili maji. Ya kawaida hubambuka. Watu wanne wanabeba kipande, Canter moja inabeba vyote.

Unganisha kwa boliti za milimita 12, nne kila kiungo, na washa pana (visahani vya chuma vya boliti), maana washa ndogo huzama kwenye mbao na boliti ikalegea. Misumari hung'oka kwa mtikisiko. Bana vipande viwili pamoja, toboa mara moja, kisha viandike namba. Ukitoboa kila kimoja peke yake, matundu hayatakutana ufukweni, na hapo hakuna umeme.

Miguu ni skwea paipu ya milimita 40 inayoingia ndani ya ile ya 50, yenye matundu ya pini kila sentimita 5. Kipande cha kwanza kina miguu 4, kila kinachofuata kinaongeza 2: jumla 22. Ile ya mbele iwe na urefu wa mita 2 na ushee, kwani maji ya kutua yasipungue futi 4. Chini ya kila mguu weka ubao wa sentimita 40 kwa 40, la sivyo mkondo unachimba mchanga na mguu unadidimia. Funga na mishazari, vyuma vya kukingama kati ya miguu: mbwa anapojisukuma, anasukuma jukwaa nyuma. Na usisahau kwamba mbao huelea; wimbi likigusa fremu litainyanyua, hivyo tundika viroba vya mchanga.

Simika maji yakiwa yamekupwa. Wakati huohuo tembea eneo la kutulia, uondoe matumbawe, chupa na vigingi vya nyavu.

Juu weka zulia la nyasi bandia, likunjwe hadi chini ya ukingo na kupigiliwa huko, si juu. Mwanya kidogo tu kati ya vipande unang'oa kucha. Jua la Mtwara huchoma nyayo, kwa hiyo limwagie maji kabla ya kila mruko.

Ongea mapema na serikali ya mtaa na wazee wa pwani hiyo. Anayekwenda msikitini hataki mbwa aliyelowa ajikung'ute karibu naye, na ana haki.

Wakati wa kubomoa, suuza vyuma kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Boliti hizo hufunguliwa kwa spana namba 19. Beba mbili, moja itaanguka majini.