Katibu wa Miaka Arobaini

Kila ninapofikiria vyama vya akina mama, hunijia Female Hebrew Benevolent Society, kilichoanzishwa mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1819 na Rebecca Gratz pamoja na wanawake wenzake wa sinagogi la Mikveh Israel, ili kuwapatia wanawake wa Kiyahudi waliokuwa maskini, pamoja na watoto wao, chakula, nguo na kuni za kukabili baridi. Gratz alikitumikia kama katibu kwa karibu miaka 40, kazi ambayo mimi naiona nzito kuliko uenyekiti. Kilichomsumbua ni kwamba wafadhili Wakristo waliogawa misaada mara nyingi walihubiri papo hapo. Ndiyo maana mwaka 1838 ikafunguliwa shule ya Jumapili ya Kiyahudi, iliyofundishwa na wanawake wenyewe.