Nilimwita mwizi, kumbe swichi iko sebuleni kwetu

Gemu ya mpira mtandaoni, dakika ya 87, naongoza mbili kwa moja. Beki wangu wa kati ana mpira, hakuna anayemsumbua, nabonyeza arudishe kwa kipa. Kimya. Nabonyeza tena. Wachezaji wanateleza mbele bila miguu kupiga hatua, kama wamewekwa juu ya barafu, halafu picha inaruka: mpira uko wavuni kwangu na mshambuliaji wa mpinzani wangu anashangilia kwa magoti kwenye kibendera cha kona. Dakika za nyongeza nikala la tatu.

Sikungoja hata takwimu za mechi zitokee. Nikamwandikia: "Mwizi wewe. Ukiona unafungwa unakata mtandao. Nimekuripoti." Na nilimripoti kweli. Kile kitufe nilikikandamiza kwa nguvu, utadhani maumivu yanamfikia.

Shutuma yangu haikutoka hewani. Kuna mchezo mchafu wa siku nyingi ambapo mtu anafunga swichi ndogo kwenye waya wake wa intaneti. Akibanwa golini, anaizima kwa sekunde moja au mbili, asizidishe, maana akizidisha mechi inavunjika na huenda akahesabiwa kashindwa yeye. Katika gemu ambazo mashine mbili zinazungumza zenyewe bila seva, yaani kompyuta ya wenye gemu, katikati, mashine yako ikikosa taarifa za mwenzio inabaki kubahatisha. Mchezaji aliyekuwa anakimbilia kulia itaendelea tu kumkimbiza kulia. Wewe hapo unatazama dhana, sio mechi, wakati kwake mpira unachezwa. Akiwasha, taarifa zinamiminika kwa mkupuo na unajikuta umefungwa goli ambalo hukuliona likitengenezwa. Seva ikikaa katikati kama refa, ujanja huo hupungua makali. Lakini mimi nilishaonja vya kutosha enzi za mashine kwa mashine, na tangu hapo mechi ikikwama kidogo tu, mkono unajipeleka wenyewe kwenye kitufe cha kuripoti.

Baada ya kama dakika kumi jamaa akajibu. "Samahani kaka, kwangu ilikuwa shwari. Hebu cheki upande wako, alama yako ya mtandao ilikuwa nyekundu." Hakuna tusi hata moja. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko goli la tatu. Nilitaka anitukane ili niendelee kuwa na haki.

Nikatoka chumbani. Mdogo wangu amejilaza kwenye kochi, simu iko kwenye chaji, anapakia video ya harusi ya rafiki yake.

"Hiyo imeanza saa ngapi?"

"Muda tu, iko asilimia tisini sasa. Mbona umevimba hivyo, kaka?"

Watu wengi hudhani kinachoua mechi ni kupakua. Mara nyingi ni kupakia. Gemu ya mpira haihitaji mtandao mkubwa. Inahitaji vitaarifa vyake vidogovidogo vitoke kwa wakati, mfululizo, bila kuchelewa. Video ya harusi nzima ikijaa kwenye njia ya kutokea, vitaarifa vyangu vinapanga foleni nyuma yake ndani ya ruta, na amri ya kurudisha mpira kwa kipa inafika beki akiwa ameshanyang'anywa. Kwa hiyo swichi ya kukata mtandao ilikuwepo kweli. Ilikuwa kwenye kochi letu, imevaa soksi.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme yote. Mimi mwenyewe nimewahi kuchomoa waya. Ilikuwa mechi ya kupanda daraja, nimeshafungwa tatu bila, hata kipindi cha kwanza hakijaisha, na toleo lile la gemu mechi ikivunjika ilifutwa kwa wote wawili. Nikainuka, nikaenda nyuma ya televisheni, nikachomoa, nikarudi kukaa. Nilichokikumbuka baadaye ni kwamba nilichomoa polepole, kwa uangalifu, nisiharibu kile kishikizo cha plastiki. Mwenye hasira hachomoi hivyo.

Ndiyo maana kisa cha Daniel Abt hakinitoki. Mei 2020, mbio za magari zikiwa zimesimama kwa sababu ya korona, madereva wa Formula E, mbio za magari ya umeme, walikuwa wanashindana kwenye kompyuta, kila mtu nyumbani kwake. Abt, dereva wa Audi, siku hiyo akamaliza wa tatu. Mpinzani wake Stoffel Vandoorne, dereva wa Mercedes, alianza kushuku, kwa sababu kwenye kamera uso wa Abt ulikuwa umefichika nyuma ya vifaa. Kumbe aliyekuwa kwenye usukani ni kijana mwingine, mchezaji mahiri wa gemu hizo. Abt alifutiwa matokeo, akatozwa euro 10,000 ziende kwa hisani, na Audi ikamsimamisha. Alijitetea kwamba lengo lilikuwa utani, video ya kuchekesha mashabiki.

Mashine haikuwa na la kulalamika. Gari lilikata kona vizuri, halikuwa na programu haramu. Walioona kasoro ni watu waliozoea kumwona mwenzao akiendesha, wakajiuliza huyu kapata wapi kasi hii.

Halafu kuna kisa cha upande wa pili. Mwaka 2019 Cameron Jeffers alishinda ubingwa wa Uingereza wa baiskeli za kwenye skrini, zile za Zwift, unapiga pedali chumbani na mchoro wako unakimbia barabarani. Mbio zenyewe alizipiga kwa miguu yake. Lakini ile baiskeli ya ndani ya gemu, yenye kasi kuliko nyingine, hupatikana kwa kupanda milima kwa jasho jingi, na yeye milima hiyo alipandiwa na programu. Alinyang'anywa ubingwa, akapigwa faini ya pauni 250, akafungiwa kushindana miezi sita. Kuna waliomwonea huruma. Mimi sikumwonea, ingawa naelewa kwa nini kichwani kwake haikuonekana kosa: siku ya mashindano alitoa jasho kama wenzake. Uchafu ulikuwa umeshamalizika siku nyingi kabla.

Nina rafiki mmoja, mtu mzima kunizidi, anayecheza gemu za mpira wa kikapu. Kwenye gemu hizo ukirusha unatakiwa kuachia kitufe katika kipande kidogo sana cha sekunde ndipo mshale uwe kijani. Yeye amenunua kidude kinachochomekwa kati ya pedi na konsoli, kinamwachilia kitufe kwa wakati wake. Tuligombana.

"Mbona wewe una skrini ya haraka kuliko yangu?" aliniuliza. "Hiyo siyo msaada?"

"Skrini hainichezei."

"Vidole vyangu vimezeeka, bwana. Nicheze na nani?"

Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia acheze na kompyuta. Alinuna wiki nzima. Bado naamini alikuwa anaiba, ila ile ya vidole ilinichoma.

Wapo wengine huita wizi kila kinachowakera. Kuzungusha mpira nyuma dakika kumi za mwisho ukiongoza? Huo si wizi, njoo uuchukue. Kumlazimisha mwenzio atazame marudio ya goli lako hadi mwisho? Hiyo ni kukosa adabu, na nikifunga kwa kichwa kutoka kona huwa naikosa makusudi.

Usiku ule nilitafuta namna ya kuiondoa ripoti yangu. Nilipekua menyu zote. Kuna kitufe cha kuripoti, kuna orodha ya makosa unayoweza kuchagua, kuna sehemu ya kuongeza maelezo. Cha kusema "nilikosea" hakipo. Nikabaki na njia moja, nikamwandikia: "Kaka, ulikuwa sahihi. Ni upande wangu, mdogo wangu alikuwa anapakia video. Nisamehe kwa neno lile." Akajibu kwa alama ya kucheka, na chini yake mwaliko wa mechi.

Safari hii nilichomeka waya moja kwa moja kwenye ruta. Simu ya mdogo wangu niliichukua nikaizima mwenyewe, akabaki analalamika. Alama ya mtandao ilikaa kijani dakika zote tisini, haikutikisika hata mara moja.

Nikafungwa nne moja.

Nilipotoka kurudisha simu, mdogo wangu akaniangalia usoni. "Vipi, kakata tena?"

Nikampa simu yake, nikamwambia amalizie harusi.