Mtoto Anayeziba Masikio

Jumapili, usiku

Kitindamimba wangu ana miaka 8. Nikimnunulia sweta mpya ya shule, lazima kwanza nikae na wembe nifumue ile lebo ya shingoni uzi mmoja mmoja, maana kikibaki hata kipande kidogo atajikuna mpaka atoke vipele. Harusini spika zikifunguliwa, anaziba masikio na kuhamia kwa wapishi. Lakini ni yeye aliyeniambia kwamba bibi wa jirani amelia, kabla mtu yeyote mtaani hajajua kuna msiba. Shangazi yake anasema nimemlea kama yai. Wengine wanasema anadeka, na kwamba dunia itamfunza.

Hilo la dunia kumfunza ndilo linaloniumiza, na ndilo lililonifanya nianze kusoma tafiti za watu wa namna hii.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, pamoja na mumewe Arthur, walichapisha utafiti wao mkubwa mwaka 1997. Walitengeneza dodoso la maswali 27: je, makelele na mwanga mkali vinakuchosha? Unashtuka haraka? Muziki unakugusa sana? Unavurugika ukipewa mambo mengi kwa wakati mmoja? Walichokiona ni kwamba kuna watu ambao ubongo wao unapokea mambo kwa kina kuliko wengine; hao ndio nitakaowaita wepesi wa hisia. Huo si ugonjwa, wala si sawa na kuwa na haya. Wapo wanaopenda sana kukaa na watu na bado wakirudi nyumbani wamechoka hoi.

Utafiti wa 2018 uliofanywa kwa watu wazima 906 uliwagawa katika makundi matatu: 31% wenye wepesi mkubwa wa hisia, 40% wa kati, na 29% wasiotikiswa kirahisi. Kwa hiyo mtoto wangu si kioja. Halafu wakapimwa mapacha zaidi ya 2,800 wa Uingereza wenye umri wa miaka 17, ikaonekana kwamba vinasaba vinaeleza 47% ya tofauti kati ya mtu na mtu. Nimemsomea shangazi namba hiyo kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo nusu nyingine je?" Swali zuri mno. Hiyo nusu nyingine ni mazingira.

Utafiti ulionishika zaidi ulifanyika huku kwetu, Afrika Mashariki, na wala haukuwa na dodoso la Aron. Mtafiti Marten deVries alikuwa akiwachunguza watoto wachanga wa Kimaasai. Aliwatenga 10 waliokuwa wapole kuliko wote na 10 waliokuwa wagumu kuliko wote: wanaolia sana, wanaokasirika haraka, wasiobembelezeka. Ukaja ukame mkali wa miaka ya 1970, ng'ombe wakafa, familia nyingi zikahama. Aliporudi aliweza kuzipata familia za wapole 7 na wagumu 6. Katika wale wapole 7, watoto 5 walikuwa wamefariki. Katika wale wagumu 6, alikuwa amefariki mmoja tu.

Nimezisoma namba hizo mara nyingi. Ni watoto 13 tu, huwezi kujengea sheria juu yao, na mtoto mlizi si lazima awe ndiye huyu mwepesi wa hisia. Hata hivyo maelezo ya deVries yanaingia akilini kwa mama yeyote: anayelia ndiye anayenyonyeshwa. Tena Wamaasai wanamthamini mtoto mwenye kudai chake. Tabia ambayo kwingine ingeitwa kero, pale iliokoa maisha.

Mwanasaikolojia Jay Belsky na wenzake wamelijenga wazo hilo zaidi. Wanasema mtoto anayeumizwa kuliko wengine na malezi mabaya, huyohuyo ndiye anayenufaika kuliko wengine na malezi mazuri. Mwanasaikolojia mwingine, Michael Pluess, alilipima katika shule moja ya eneo maskini mashariki mwa London, ambako wasichana wa miaka 11 hivi walifundishwa namna ya kukabiliana na magumu. Mwaka mmoja baadaye, dalili za sonona zilikuwa zimepungua kwa wale wepesi wa hisia. Kwa wenzao waliokaa darasa lilelile, mafunzo hayakuacha alama. Nchini Italia, mpango wa kuzuia uonevu shuleni uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,000 uliwasaidia hasa wavulana wa aina hii.

Wavulana! Hao tunaowaambia kila siku "mwanaume halii."

Sipendi wanaoigeuza tabia hii kuwa cheo, kana kwamba wenye hisia nyepesi ni bora kuliko wengine. Hakuna utafiti unaosema hivyo. Wapo pia wanasayansi wanaolikosoa dodoso la Aron kwa sababu baadhi ya maswali yake yanakaribiana mno na yale yanayopima wasiwasi, na naona wana hoja. Ila matokeo ya London na Italia siwezi kuyapuuza. Watu wanapomwambia mtoto wa hivi kwamba ukali utamkomaza, wanamnyima kitu kilekile ambacho yeye kingemfaa kuliko mtoto mwingine yeyote darasani.

Kesho asubuhi nitapita shuleni kabla kengele haijagonga. Darasa lao lina watoto zaidi ya 80, najua mwalimu wake ana mzigo, na sitamwomba miujiza. Nitamwomba mambo mawili tu: amhamishe kutoka pale mlangoni karibu na kengele, na akikosea amwite pembeni amwonye kwa sauti ya kawaida. Mwanangu atasikia.