Jioni tulipobishana juu ya wimbo wa Freddie uliokaa miaka 34

Alhamisi ya tarehe 13 Oktoba 2022, Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walitoa "Face It Alone", wimbo ambao mwimbaji wao Freddie Mercury aliuimba mwaka 1988 ukabaki kwenye kanda. Kwetu Unguja hiyo si habari ya bendi ya mbali. Freddie kazaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na nyumba ya Shangani yenye jina lake imekuwa makumbusho tangu 2019. Wapo wengi mjini wasiojua wimbo hata mmoja wa Queen lakini wanaoweza kumfikisha mgeni mlangoni pale wakiwa wamefumba macho. Wapo pia wachache wanaozijua albamu moja baada ya nyingine. Wachache hao ndio walionijia jioni ile, kila mmoja na hukumu yake mkononi, kwa sababu kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta na chumba changu kina spika za kusikilizia kazi hiyo.

Walikuwa wanne. Maalim, mwalimu mstaafu mwenye santuri za Queen tangu hazijaanza kuitwa za zamani. Kijana mmoja anayetembeza wageni Mji Mkongwe. Mpigaji besi wa bendi ya hoteli, na dada anayeimba naye. Tuliwasha mitambo baada ya sala ya Isha ili adhana isitukatize, tukazima feni na kiyoyozi.

Yule mtembeza wageni ndiye aliyeanza. "Hamna besi humu," alisema. "Gitaa, ngoma, sauti, basi. Deacon, mpigaji besi wao, hayumo, wametudanganya."

Alikuwa ameusikia kwenye simu yake, akauweka mezani tena kama ushahidi. Na kwenye simu alikuwa na haki. Spika ya simu huanza kufifia sauti inaposhuka chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) mia kadhaa, ilhali waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 41. Simu haiitoi sauti hiyo kabisa. Inatoa masalia yake ya juu tu, na kwenye wimbo mzito wa taratibu kama huu masalia hayo humezwa na gitaa. Hedifoni za bei rahisi zina kasoro ya pili: zinaongeza besi yote kwa pamoja, hata usijue ngoma inaishia wapi na gitaa la besi linaanzia wapi.

Kwa hiyo kabla ya kubishana tuliweka mambo sawa. Spika mbili na kiti vikafanya pembetatu yenye pande sawa, mita moja na nusu kila upande, spika zikiwa kwenye usawa wa masikio. Waya badala ya bluetuthi, maana bluetuthi huibana sauti mara ya pili baada ya kuwa imeshabanwa na programu ya muziki. Kwenye programu yenyewe tukachagua ubora wa juu kabisa, kwani wengi huacha ule wa kuokoa bando bila kujua. Tukazima kila kitufe cha kuongeza besi na cha "sauti ya ukumbi". Halafu tukaweka ukali wa sauti kwa kipimo, kwa sababu tulikusudia kulinganisha wimbo huu na mingine, na tofauti ya desibeli 1 au 2 inatosha kumfanya mtu aape kwamba wimbo wenye sauti kubwa zaidi ndio uliotengenezwa vizuri zaidi. Hapo ndipo ubishi mwingi wa wapenzi wa muziki unapoharibikia: wanalinganisha vitufe vya sauti, wanadhani wanalinganisha nyimbo.

Ulipopigwa, mpigaji besi aliinua kidole pale tu besi ilipoingia, akakiacha juu. Mtembeza wageni akacheka. "Kumbe yumo."

Yumo, na kwa wengi hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. John Deacon aliacha muziki mwaka 1997. Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa ngoma waliendelea kupiga majukwaani na mwimbaji Adam Lambert, lakini vidole vya Deacon havipatikani ila kwenye kabati la kanda. May mwenyewe, alipoutangaza wimbo, alitaja kwa furaha kwamba wote wanne wanasikika. Nikasoma baadaye maoni ya wapenzi wa nchi nyingine, nikaona kwamba baada ya sauti ya Freddie, kilichowagusa ni hicho.

Maalim hakuwa na shida na besi. Shida yake ilikuwa nzito zaidi. "Wimbo huu hauna mwisho," alisema. "Unaanza, unapanda, unarudi pale pale. Maneno machache yanazunguka. Freddie angekuwa hai asingekubali utoke hivi."

Hapo palikuwa na ukweli. Vikao vya albamu ya The Miracle vilianza 1988 vikaingia 1989, London na Montreux ya Uswisi, na inasemwa walianza nyimbo kama 30. Kwenye santuri iliyotoka tarehe 22 Mei 1989 zilitosha 10. Nyingine zikabaki vipande, na hiki kilikuwa kimojawapo. May alieleza kwamba walikuwa wameshawahi kukipitia wakaona hakiokoleki, mpaka mafundi wa hifadhi yao, Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson, walipokaa nacho na kuanza kushona kipande kwa kipande.

Mtu asiyewahi kushika utepe mpana hushangaa kwamba wimbo wa bendi kubwa kama ile unaweza kusahaulika. Haishangazi hata kidogo. Utepe wa studio wa inchi 2, ukizungushwa kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde, unakwisha ndani ya dakika 16 na kitu. Bendi inayotunga kwa kupiga pamoja saa nzima nzima inajaza gurudumu baada ya gurudumu, na juu ya boksi mtu anaandika tarehe na jina la muda tu. Baada ya miaka michache jina hilo halimwambii mtu kitu. Na huko ni Ulaya, penye vyumba vikavu. Kwetu pwani unyevu hauulizi jina. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya maji ya hewani, na ukiipiga kanda ya namna hiyo inanata kwenye kichwa cha mashine, inapiga yowe na kuacha ungaunga wa kahawia, na ungaunga huo ndio muziki wenyewe. Dawa yake ni kuikausha kwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa 8 au zaidi, kwenye kikaushio ambacho joto lake halipandi na kushuka. Usitumie oveni ya jikoni, itaikunja. Na ikishakauka inakupa wiki chache tu kabla haijaanza kunata upya, kwa hiyo unainakili siku ile ile. Tusitoke nje ya mada.

Maalim alitaka tupige nyimbo zilizookolewa zamani ili tuone tofauti. Tukaanza na "Let Me in Your Heart Again", iliyoanzwa 1983 wakati wa albamu ya The Works, ikatoka 2014. Humo May aliongeza gitaa jipya, na yeye na Taylor wakaongeza sauti za kuitikia. Ukuta mzima wa sauti. Tukaja kwenye albamu ya Made in Heaven ya Novemba 1995, "I Was Born to Love You", ambako walichukua sauti ya Freddie kutoka kwenye albamu yake binafsi ya 1985 na kuujenga wimbo upya kuizunguka. Tukamalizia na "Mother Love", ambao Freddie hakurudi studio kuumaliza, ubeti wa mwisho ukaimbwa na May.

"Si mnaona?" Maalim akasema. "Wanajua kumalizia. Kwa nini huu wameuacha uchi?"

Nilimjibu kwa kompyuta. Nilikuwa na kasida ya mteja mmoja, sauti peke yake yenye mapumziko marefu, na nyuma yake dufu moja. Nikafungua mara mbili alizoimba ubeti ule ule, nikajaribu kuchukua mstari wa kwanza kutoka huku na wa pili kutoka kule.

Ukikata pale wimbi la sauti lilipo juu, unapata mlio mdogo wa "tk", kwa hiyo unakata pale linapovuka sifuri, kisha unafifisha upande mmoja na kuinua mwingine ndani ya milisekunde 10 hadi 20. Hilo ndilo rahisi. La pili ni pumzi: ukiiondoa, mwimbaji anakuwa mtu asiyevuta hewa, na msikilizaji anakereka bila kujua sababu. Ukiziacha zote mbili, anavuta hewa mara mbili kwa mstari mmoja. La tatu ni mwangwi. Kama mwangwi ulirekodiwa pamoja na sauti, neno la mwisho lina mkia unaoendelea hadi ndani ya ukimya, na ukikata hapo mkia unakufa ghafla. Unalazimika kusogeza mkato mpaka chini ya pigo la ngoma linalofuata, au kuweka mwangwi mpya unaofanana na wa zamani ili uupokee ule unaokatika. La nne ni mwendo. Mara moja aliimba mapigo 60 kwa dakika, mara nyingine 62. Utasema ni tofauti ndogo, lakini pigo la kwanza linachukua milisekunde 1000 na la pili 968, na baada ya mapigo manne umeshaachwa milisekunde 130 hivi, wakati sikio linahisi kasoro kuanzia 20 au 30. Unaweza kuivuta sauti ya mtu kwa asilimia 3 bila kuonekana. Mlio wa gitaa unaofifia taratibu ukiuvuta hivyo unachafuka.

Kwenye wimbo uliojaa, yote haya hufichwa. Ngoma inaangukia juu ya mkato, waitikiaji wanafunika pumzi. Kwenye wimbo kama "Face It Alone", gitaa linadondosha noti mojamoja, ngoma inakuja kwa nafasi, na sauti inaanzia chini kabisa kabla ya kupanda. Mafundi hawana pa kujificha. Kwa hiyo Maalim alikuwa anadhani wameuacha uchi kwa uvivu, mimi nikaona kwamba huo uchi ndio kazi ngumu, na kwamba kuujaza kungekuwa njia ya mkato. Mpaka leo naona hivyo. Ungemalizika, ndiyo, lakini ungemalizwa na wazee wawili wa 2022. Kilichotoka ni wanaume wanne wa 1988 wakiwa bado wanatafuta, na gitaa la solo linaingia kama mtu anayesikiliza kwanza kabla ya kusema.

"Sawa fundi," alisema Maalim, "ila mimi sikuja kusikiliza ugumu. Nimekuja kusikiliza wimbo."

Jibu la haki, sikuwa na la kumrudishia.

Yule dada alikuwa kimya muda wote huo. Alitaka turudie mahali Freddie anapohama kutoka sauti ya chini kwenda ya juu, akataka tena bila sisi kuzungumza. Kisha akasema kwamba mtu aliyeimba vile alikuwa anajua anaumwa. Wengi duniani walisema hivyo wiki ile. Freddie aligunduliwa ana virusi vya UKIMWI 1987, akatangaza hadharani tarehe 23 Novemba 1991 na kufariki siku iliyofuata, na wimbo unahusu kukabili mambo peke yako, kwa hiyo mtu hahitaji kuvuta sana kufika hapo. Mimi huwa naogopa njia hiyo, maana kila wimbo wa miaka yake minne ya mwisho unageuzwa wosia, hata ule wa mzaha. Mpigaji besi alikuwa upande wangu: alisema bendi inayotunga kwa kupiga pamoja hutafuta maneno yanayokaa kwenye sauti, maana yake inafuata nyuma. Dada akamwambia, "Kaka, wewe hujawahi kuimba." Ubishi huo haukuisha, wakaondoka nao ngazini.

Tarehe 18 Novemba 2022 likatoka boksi zima la The Miracle, lenye diski ya vikao vya studio, rasimu na mazungumzo yao katikati ya kupiga. Maalim alikuja peke yake safari hiyo. Alitaka wimbo mmoja tu, "I Guess We're Falling Out", ambao alikuwa nao kwenye kaseti kwa miaka mingi, nakala ya nakala iliyozungukia mikono ya wapenzi wa Queen, yenye mvumo mkubwa kuliko muziki. Kwenye diski umesafishwa, lakini ni rasimu vilevile, na mahali pengine maneno hayajakaa sawa.

Nikamuuliza kama huu nao angependa wangeumalizia, waongeze sauti na gitaa kama 2014.

"Huu?" akasema. "Huu wasiuguse."